Ekzosi ya gari ya tabo: anza kuchagua mbele, sio nyuma

Nilipopata Impreza yangu, WRX STI ya 2006, ile ya macho ya mwewe, kitu cha kwanza kununua ilikuwa mafla. Sio tairi, sio breki, mafla. Ule mdundo wa Subaru nilikuwa nausikia tangu niko sekondari, ule wa du-du-dudu kama ngoma ambayo pigo moja limeteleza, nikajiapiza siku nikiwa na yangu mtaa mzima utajua. Nikapata mafla ya mtumba kutoka Japani, mdomo mpana ngumi inaingia, fundi akaifunga pale mtaa wa Gerezani, Dar, nusu siku, nikawasha. Kelele ipo. Mdundo hamna. Inanguruma vizuri, sauti nzito, imenyooka, ila ule mdundo wenyewe haupo kabisa.

Jumamosi hiyo hiyo akaja jamaa yangu wa Arusha na Forester XT, SG5, ekzosi yake ni ile ile ya kiwandani na viungo vimeshashika kutu, akaipaki pembeni ya yangu akaiacha silensa, inawaka bila kukanyagwa. Du-du-dudu. Nimesimama katikati ya gari mbili nageuza shingo huku na huku, jamaa akaniambia, "Kaka, mdundo hautoki huko nyuma, unatoka kwenye heda."

Na ndo hivyo. Heda ni yale mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda. Injini ya EJ, iliyomo kwenye hizi Subaru zetu, imelala, silinda mbili kulia mbili kushoto, na zinachoma kwa mpangilio wa 1-3-2-4, yaani zinachoma mbili za upande mmoja halafu mbili za upande wa pili. Tabo, ile feni inayozungushwa na moshi ili iisukumie injini hewa, imekaa kulia. Kwa hiyo kwenye heda ya kawaida moshi wa kulia unafika haraka, wa kushoto lazima upite chini ya injini ndo ufike, mabomba hayana urefu sawa, basi mapigo yanafika yamepishana na ndo unausikia ule mdundo. Sasa STI za Japani kuanzia mwishoni mwa 2002, kama yangu, zina tabo ya twini skroli, yenye njia mbili za moshi, heda yake mabomba yana urefu sawa, silinda 1 na 2 zina njia yao, 3 na 4 njia yao, ili moshi wa silinda moja usigongane na wa mwenzake. Mapigo yanafika kwa nafasi sawa, sauti inanyooka. Hakuna mafla duniani itakayokurudishia kitu ambacho heda imeshakiondoa. WRX za 2015 mpaka 2021, zenye injini ya FA20, nazo habari ni hiyo hiyo, usiende kununua mafla ukitegemea mdundo.

Kuna watu wanatoa hiyo heda nzuri wanafunga ya mabomba yasiyolingana ili wapate mdundo, na kwenye twini skroli hapo utabadilisha mpaka tabo. Mi siwezi kukushauri hivyo hata kidogo, unavunja kitu ambacho wahandisi walikaa wakakipangilia tabo iamke mapema, ili tu usikie sauti. Ukitaka mdundo nunua gari inayodunda toka mwanzo, XT zipo, WRX zisizo STI zipo.

Baada ya hapo nikaanza kusoma vizuri na nikagundua nilianza kichwa chini miguu juu. Kwenye gari ya tabo mafla ya nyuma ndo ina mchango mdogo kwenye nguvu, penye mali ni daunpaipu, lile bomba linalotoka kwenye tabo kushuka chini, kwa sababu moshi unapotoka pale bado una moto mkali sana na kwenye gari za kiwandani unakutana na kona ya ghafla halafu unagonga masega, kile kichujio cha kusafisha moshi, hapo hapo. Mafundi wengi watakwambia gari inahitaji kubanwa kidogo nyuma ili isipoteze nguvu, nimeambiwa hivyo zaidi ya mara tatu na watu nnaowaheshimu. Kwa tabo sio kweli. Feni ya tabo inazungushwa na tofauti ya presha kati ya mbele yake na nyuma yake, sasa ukibana nyuma tofauti inapungua na tabo inachelewa. Baada ya feni moshi ukitoka kwa uhuru ndo vizuri, basi.

Kwa hiyo nikatafuta daunpaipu ya inchi 3, na hapa kuwa makini sana, ya twini skroli na ya skroli moja hazikai sawa, mwambie muuzaji namba kamili ya modeli ya gari na ya tabo, usimwambie tu "Impreza". Angalia pia kama ina fleksi, kile kipande cha nyavu kinachocheza, maana injini ya boksa, hii iliyolala, inatikisika na bomba gumu lisilo na fleksi litapasuka kwenye weldi, ni suala la muda tu. Nikaifunga, bado ketibeki (sehemu ya nyuma ya masega mpaka mafla) yangu ile ya mtumba, nikasema tyuni, kupanga upya kompyuta ya injini, nitafanya mwezi unaofuata mshahara ukiingia.

Hapo ndo nilikosea na nataka uisome hii sehemu taratibu. Usiku mmoja natoka Bagamoyo, hewa imepoa, barabara nyeupe, nikakanyaga gia ya nne. Gari inavuta kama haijawahi kuvuta. Nikatupa jicho kwenye geji ya busti, presha ya hewa inayosukumwa na tabo, sindano ikafika pale ilipozoea kusimama, ikapita, ikaendelea kupanda polepole kama mtu anapanda ngazi, halafu ghafla gari ikakata mafuta, mwili wote ukarushwa mbele kwenye mkanda kama nimegonga kitu. Nikaweka pembeni nikazima, mikono inatetemeka, nikawa nasikia tu vyuma vinapoa tik, tik, tik.

Kilichotokea ni kwamba nilifungua njia ya moshi, moshi mwingi ukawa unapita kwenye feni, na westigeti, kile kimlango cha pembeni cha kupunguzia presha, kikawa hakiwezi kuupunguza wote hata kikiwa wazi mwisho. Busti ikapanda bila ruhusa. Kontroboksi, kompyuta ya injini, ndo ikaokoa injini kwa kukata mafuta, na injini isingepata hiyo bahati zingeungua pistoni. Unajua gari hizi zilipangiwa petroli ya Japani ile ya okteni 100, sisi huku tunatia tunayopata, kwa hiyo nafasi ya kukosea ni ndogo kuliko walivyopanga wao. Tangu siku ile kwangu daunpaipu na tyuni ni bei moja, kama hela ya tyuni haipo basi daunpaipu ibaki kwenye boksi chini ya kitanda. Na tyuni ifanyike na mafuta unayotumia kila siku, sio ramani, yaani mipangilio ya kompyuta, ya gari ya mtu wa Uingereza uliyoidanlodi. Yangu ilipofanyiwa tyuni westigeti ikatolewa ikakwanguliwa tundu lake likawa kubwa kidogo, sindano sasa inasimama pale inapoambiwa isimame, na tabo inaamka mapema kiasi cha kuisikia mgongoni.

Masega nayo. Mjini hapa kuna watu wanayanunua kwa bei nzuri kwa ajili ya madini yaliyomo ndani, platinamu, paladiamu na rodiamu, na fundi akikwambia "bosi yatoe haya yanabana, mi nitakutafutia mteja" jua na yeye ana fungu lake. Niliwahi kuendesha gari ya mshkaji isiyo na masega kwenye foleni ya Ubungo, vioo vimefunguliwa kwa sababu ya joto, dakika ishirini kichwa kinauma na nguo zinanuka petroli, na mwanangu ndo huwa anakaa siti ya nyuma. Kuna masega ya michezo, yenye matundu 200 kwa inchi ya mraba wakati ya kiwandani mara nyingi ni 400 au zaidi, yanapitisha moshi vizuri na harufu haipo, unachopoteza kwenye nguvu ni kidogo sana huwezi kukisikia barabarani. Niliyachukua hayo na sijajutia. Kwenye gari nyingi ukiyatoa kabisa taa ya injini pia inawaka, na ukishazoea kuendesha na taa inawaka, siku ikiwaka kwa tatizo la kweli hutajua.

Chuma. Sisi tunaokaa Dar hewa ina chumvi, bomba la chuma cha kawaida halichukui muda linaanza kutoboka kwenye weldi. Nenda dukani na sumaku, ile ndogo tu ya friji. Stenlesi ya 304 sumaku inateleza, haishiki, ya 409 inashika, na muuzaji atakwambia zote ni stenlesi, ni kweli, ila ya 409 itapata kutu ya juu juu. Nilifanya hivi kwenye duka moja nikaona bomba la mbele linateleza, mafla yenyewe inashika kabisa, bei waliyotaja ni ya 304 yote. Angalia na kona, pitisha kidole ndani ya mkunjo, kona nzuri ni duara mpaka mwisho, kona iliyokunjwa bila kuwekewa kitu ndani inabonyea na inchi 3 yako pale inakuwa mbili na nusu. Sasa hiyo inchi 3 uliyolipia iko wapi.

Titaniamu ni nyepesi na inapendeza, ikipata moto inakuwa ya bluu na zambarau, ila nyembamba, sauti yake ina kitu cha chuma chuma ndani, na ikipasuka kupata wa kuichomelea vizuri ni kazi. Matuta yetu haya nisingeiweka. Hata hii ya stenlesi ilibidi niongeze raba ngumu za kuning'inizia, maana bomba la inchi 3 linashuka chini kuliko la kiwandani na kuna tuta la kwetu Tabata limeshaniachia alama mbili.

Sauti ndo watu wanaikimbilia mwanzo na mi naiweka mwisho. Mafla yangu ile ya kwanza ukiwa 100 kwenye gia ya sita, mizunguko kati ya 2500 na 3000, ilikuwa na mvumo unaokaa ndani ya masikio, safari ya Morogoro nikifika siwezi kuongea na mtu. Hiyo sio ubora wa gari, ni ekzosi isiyo na resoneta, kile kikopo cha katikati cha kuua mvumo. Ilikuja na kile kizibo cha kuweka mdomoni kupunguza kelele, nikaweka, kelele ikapungua na tabo ikakosa pumzi, maana unarudi kulekule kwenye kubana. Halafu mi natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kukwepa foleni, na injini ya baridi silensa yake iko juu. Mama wa nyumba ya pili alikuwa amejifungua, akaja akasimama getini akasema kwa upole tu, "Baba Salma, mtoto akilala saa kumi unamwamsha saa kumi na moja." Nikaomba radhi, nikaiuza mafla ile wiki ile ile.

Niliyonayo sasa ni ketibeki ya inchi 3 ya Kijapani, ina resoneta ndefu katikati na kibati cha JASMA, chama cha watengeneza mafla wa Japani, kuonyesha inakidhi sheria yao, ambayo kwa gari za umri wa yangu ni desibeli 96. Alfajiri nasukuma gari mpaka barabarani ndo nawasha, ni hatua chache na geti lenyewe lina mteremko. Ukiikanyaga inaimba, ukiiachia inanyamaza.

Ukishafunga ya kwako, rudi kwa fundi baada ya kilomita 500 akaze nati zote upya na gari ikiwa imepoa. Yangu nati mbili za kwenye tabo zilikuwa zinazunguka kwa mkono, na gasketi ilikuwa imeshaanza kupitisha moshi, ukiweka karatasi jirani inatikisika.