Bweni likifungwa, mtoto analala wapi?

Wazazi wanaotaka kumleta mtoto shule ya bweni hapa Uingereza huniuliza viza kwanza. Mimi huwauliza likizo: bweni likifungwa, nani anamchukua?

Niko ofisi ya udahili ya shule moja binafsi, na ni mimi ninayeingia kwenye mfumo wa Home Office, wizara ya Uingereza inayosimamia viza, kutoa CAS, namba ambayo mtoto hawezi kuomba viza bila kuwa nayo. Viza yenyewe ni Child Student, iliyoanza Oktoba 2020, kwa watoto wa miaka 4 hadi 17. Shule za serikali hazimo. Ni za kulipia tu, tena zenye leseni ya udhamini, yaani kibali cha Home Office cha kupokea wanafunzi wa kigeni. Pasipoti, uthibitisho wa fedha, barua ya ridhaa yenye saini za wazazi wote wawili (au mmoja, ikiwa ndiye pekee mwenye jukumu la mtoto): vikitimia, haina shida.

Shughuli ni baada ya mtoto kutua. Leseni ni ya shule, basi wa kujieleza ni shule. Mtoto asiporipoti masomoni, au akiacha katikati, nina siku 10 za kazi kuwaarifu Home Office. Anwani yake niwe nayo, ya sasa na zilizotangulia. Maofisa wao wanaweza kuja bila hodi na kutaka faili palepale.

Na hapo kwenye anwani, ya mahali atakapokaa likizo, ndipo tunapogongana na wazazi wa kwetu. "Ana shangazi yake Leicester." Ukidodosa, shangazi ni binti wa baba mkubwa wa baba yake mtoto. Kwetu huyo ni shangazi kamili, nani atabisha? Lakini Children Act ya 1989, sheria ya watoto ya hapa, inawatambua kama ndugu babu na bibi, kaka na dada, wajomba na mashangazi waliochangia mzazi na baba au mama wa mtoto, au walioingia kwa ndoa, na wazazi wa kambo. Binamu wa baba hayumo. Mtoto wa chini ya miaka 16 akipangiwa kukaa kwake siku 28 au zaidi, halmashauri ya eneo ijulishwe, wiki 6 kabla, na mtu wa ustawi wa jamii aje kuiona nyumba. Wiki moja ya likizo ya Oktoba haina neno. Shida ni yule anayebaki Julai na Agosti kwa sababu nauli imepanda.

Baba mmoja alinijia juu: namtilia shaka dada yake? Simtilii. Karatasi nyingi za kazi hii naziona usumbufu mtupu, ila hii ya kuijulisha halmashauri naitetea. Mtoto wa miaka 12 akiugua usiku wa manane, hospitali itataka mtu mzima mwenye idhini ya kumsemea, na mama yake yuko safari ya saa nane au tisa kwa ndege.

Kwa hiyo wewe unayepanga mtoto aanze Septemba, nitumie kwanza jina, simu na anwani ya huyo shangazi, na unieleze undugu wenu hatua kwa hatua. Ada tutaongea baadaye.