Dole Gumba Lisisimame

Konda alilitazama begi la gitaa langu kama mtu aliyeletewa mbuzi apande basi. "Hilo linakwenda chini, braza." Nikamweleza kwamba ni la mbao, litavunjika. Akasema mayai yenyewe yanasafiri chini na yanafika. Saa kumi na mbili alfajiri, stendi ya Magufuli imefurika, utabishana na nani? Gitaa likaingia kwenye buti, katikati ya gunia la nazi na friji ya watu, nami nikapanda juu na kilo mbili za wasiwasi.

Kutoka Dar hadi Moshi ni zaidi ya kilometa 500, na zote nilizimaliza nikiziwaza zile nazi. Chalinze, Segera, chipsi za kula mbio mbio Korogwe, kisha Usambara upande wa kulia, kisha Upare upande uleule, mpaka mtu unachoka kutazama milima. Ule wenyewe tulioufuata, Kilimanjaro, ulikuwa umejifunika. Ndivyo ulivyo mwezi wa Julai. Nilikaa siku nne ndipo nikauona, tena dakika chache tu asubuhi.

Safari yenyewe ilianzia kwenye simu. Miaka tisa nimepiga gitaa la rizimu kwenye kwaya ya kanisani, kwa piki, kile kiplastiki cha kukwarulia nyuzi. Siku moja rafiki akanitumia "Masanga" ya Jean Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Kongo, iliyorekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 huko Jadotville, Katanga, mji ambao leo unaitwa Likasi. Gitaa kavu, hakuna ngoma, hakuna besi. Nikamwuliza, huyu mpigaji wa pili ni nani? Akanicheka. Hakuna wa pili. Ni mtu mmoja, kidole gumba kikitembea kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada kikiimba kwenye zile nyembamba. Nilijaribu chumbani kwangu miezi mitatu. Kila shahada ilipoingia, gumba lilisimama kuisikiliza.

Mjomba wangu wa Majengo, pale Moshi mjini, ndiye aliyesema kuna mzee mmoja kule Uru, mlimani juu ya mji, anayepiga hivyo. Akanipandisha daladala na kunipa kilo mbili za sukari nisiende mikono mitupu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekula?"

Nilikuwa nimekula, lakini hilo si jibu linalokubaliwa huko. Bakuli la mtori likaja, likafuatiwa na la pili, ndipo begi likafunguliwa. Funguo ya kukazia uzi wa kwanza ilikuwa imekatika kichwa. Nilitamani kulia. Mzee alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Gari limenifanyia kazi yangu," akasema, na kwa mkono wake mwenyewe akalegeza uzi wa pili na wa tatu. Zikabaki tatu nene. "Hizo nyingine ni za wiki ijayo."

Nilimkumbusha kwamba nina wiki moja tu. Akaingia kulala.

Darasa lilikuwa benchi la mbao pembeni ya kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga, migomba nyuma, njia ya watu mbele. Mkono wa kushoto ushike kodi ya C, yaani noti zinazobanwa pamoja, na usiulizwe chochote zaidi. Gumba lipige uzi wa tano, lihamie wa nne, lirudi wa tano, lirudi wa nne. Si kwa ukucha, kwa nyama ya kidole. Siku nzima ya kwanza ilikwisha hivyo, na kufika jioni niliona nimeshajua. Nikamwambia. Ndipo akanipa kazi yenyewe: kila anayepita njiani umsalimie, na gumba lisisimame.

Nawaambieni, sijawahi kuona njia yenye watu wengi kama ile. Watoto wa shule: "Shikamoo!" Marahaba, na gumba kimya. Kijana wa bodaboda akipunga mkono: gumba kimya. Kulikuwa na bibi mmoja aliyepita mara mbili kwa siku na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, naye hakuwa mtu wa salamu moja. Habari za asubuhi, za nyumbani, za Dar, mama hajambo, baba je, mvua huko zimenyesha? Akifika kwenye mvua mimi nimeshaliacha gitaa zamani.

Mzee hakunikemea. Aliniuliza kama nimewahi kumwona mwanamke anayetwanga akaacha mchi hewani ili ajibu salamu. Sijawahi. "Gumba ni mtwangaji," akasema. "Shahada ndiyo inayopiga umbeya." Katika miaka tisa ya kwaya hakuna mtu aliyenieleza muziki kwa maneno machache hivyo.

Yeye alifundishwa ujanani na fundi viatu Mluhya wa Kenya aliyekuwa akishonea Moshi mjini, na hapo nikaelewa kwa nini mkono wake haukuwa wa Katanga kamili. Upigaji wa Waluhya, omutibo, ndio aliovumisha George Mukabi, yule wa "Sengula Nakupenda," aliyefariki mwaka 1963. Mzee aliniimbia kipande, na mjukuu wake akakwaruza chupa ya Fanta kwa msumari, zile chupa za zamani zenye mistari, kama wanavyofanya wenyewe. Moshi nayo si ya kukopa tu: Frank Humplick, ambaye mama yake alikuwa Mchaga, aliimba na dada zake kwa gitaa miaka ya 1950. Mzee alipolitaja jina hilo aliketi wima.

Siku ya nne mlima ukaonekana, na plaizi ikatolewa. Tukakibana kile kisiki cha funguo na kukaza uzi wa kwanza taratibu, kila robo ya mzunguko nikifumba macho. Ukashika. Penseli ikalazwa juu ya shingo ya gitaa na kufungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Hiyo ndiyo kapo, kibano cha kupandisha sauti ya nyuzi zote. Shahada ikaruhusiwa kuingia, si pamoja na gumba bali katikati ya mapigo yake. Malengelenge yalikuwa yamepasuka na baridi ya Uru haina huruma kwa vidole vilivyochubuka. Lakini usiku ule, jikoni, kwa muda usiozidi wa kumwaga chai, tulikuwa watu wawili ndani ya gitaa moja. Kisha nikafurahi, na nilipofurahi gumba likasimama.

Asubuhi ya kuondoka begi lilikuwa tayari mlangoni, ila nikaketi benchini kidogo. Bibi akatokea na majani yake. Habari za asubuhi? Njema, shikamoo bibi. Za nyumbani? Za Dar? Gumba linatwanga. Mama hajambo? Hajambo. Baba? Mzima. Mvua? Bado, bibi. Gumba linatwanga, na shahada imeanza kuchombeza. Akasimama, akausawazisha mzigo kichwani, akanitazama vizuri.

"Na mke utaoa lini?"

Kutoka jikoni mzee akagonga sufuria. "Anza upya!"