Loveday, jina lililotokana na suluhu

Vitabu vingi vya majina ya watoto huligusa jina Loveday kwa mstari mmoja tu: jina la Kiingereza, la kike, maana yake siku ya upendo. Msomaji hubaki akifikiria wachumba na maua ya Februari. Upendo unaotajwa hapa lakini ni wa mahasimu waliochoka kushtakiana, wakakubali kukaa mbele ya watu na kumaliza ugomvi wao. Bila kulijua hilo, jina hili halieleweki.

Katika Uingereza ya zama za kati, kesi iliyofikishwa mahakamani haikulazimika kuishia kwa hukumu. Mdai na mdaiwa waliweza kuomba wapewe siku ya kupatana nje ya mahakama. Makarani wa mahakama za mabwana wa ardhi waliiandika kwa Kilatini, dies amoris, yaani siku ya upendo, na mara nyingi waliongeza kwamba siku hiyo imetolewa hadi kikao kijacho. Watu wa kawaida waliiita loveday. Kila upande ulichagua wasuluhishi wake, kwa kawaida idadi sawa, na wasipoafikiana alitafutwa mtu mmoja wa juu yao mwenye kauli ya mwisho. Kabla ya kusikilizwa, pande zote mbili zilijifunga kwa dhamana ya fedha ili atakayeukataa uamuzi aipoteze. Mkutano mara nyingi ulifanyika kanisani, na wakishapatana, wahusika walipeana mikono au busu la amani, kisha wakala na kunywa pamoja mbele ya majirani. Chakula hicho kilikuwa na kazi yake: majirani walioshuhudia ndio ambao baadaye wangemsuta mtu aliyevunja makubaliano.

Utaratibu huu ulikuwa na udhaifu mkubwa. Mtu mwenye nguvu alifika na kundi la wafuasi wenye silaha, na suluhu ikawa vitisho vilivyovikwa joho la amani. Mwishoni mwa karne ya 14, mshairi Geoffrey Chaucer alimwonyesha mtawa ombaomba aliyekuwa hodari sana wa kusaidia siku hizo, naye hakuwa anamsifu.

Loveday iliyo maarufu kuliko zote ni ya tarehe 25 Machi 1458. Mfalme Henry VI alitaka kumaliza uhasama uliobaki baada ya mapigano ya St Albans ya Mei 1455, ambako mabwana wakubwa kadhaa wa upande wake waliuawa. Masharti yalikuwa ya fedha na ya sala. Duke wa York na wenzake, waliopigana dhidi ya upande wa mfalme, walitakiwa kulipa pauni 45 kila mwaka kwa abasia ya St Albans ili waliouawa waombewe misa. York alipe maki 5,000 kwa mjane na watoto wa Duke wa Somerset, na Earl wa Warwick, mwenzake York, alipe maki 1,000 kwa familia ya Clifford; Somerset na Clifford walikuwa miongoni mwa waliouawa. Maki moja ilikuwa thuluthi mbili za pauni, kwa hiyo hizo maki 5,000 ni zaidi ya pauni 3,300, mali nyingi mno kwa wakati ule. Kisha wote wakaandamana hadi kanisa kuu la St Paul jijini London, adui kashikana mkono na adui, na York akiwa bega kwa bega na Malkia Margaret. Amani haikufika mbali. Septemba 1459 walikuwa wanapigana tena, huko Blore Heath.

Wapo wanaodai kwamba jina lilianzia siku hiyo ya 1458. Si kweli. Hati za Kiingereza zina watu wanaoitwa Loveday tangu karne ya 13, wanaume kwa wanawake, na maelezo ya kawaida ni kwamba mtoto aliyezaliwa siku ya suluhu alipewa jina lake. Ipo pia njia ya pili, ya zamani zaidi. Kabla ya uvamizi wa Wanormani mwaka 1066 kulikuwa na jina la kiume Leofdæg, lililounganishwa na maneno ya Kiingereza cha kale leof, yaani mpendwa, na dæg, yaani siku. Hiyo leof ndiyo iliyomo katika majina mengine ya kale, Leofric na Leofwine. Matamshi yalivyobadilika, Leofdæg na loveday yakafanana, na jina la ukoo Loveday linaweza kutoka kwenye lolote kati ya hayo mawili. Ukiona mwanamume wa karne ya 13 mwenye jina hili, usiharakishe kusema alizaliwa siku ya mapatano. Huenda alibeba tu jina la babu aliyeitwa Leofdæg.

Kuelekea karne ya 16 desturi ya loveday ilikuwa inafifia, na jina nalo likapotea karibu kote Uingereza. Mahali liliposhikilia ni Cornwall, ile rasi ya kusini-magharibi iliyotenganishwa na sehemu nyingine za Uingereza na mto Tamar. Huko ndiko pia yalikobaki majina kama Jenifer, Tamsin na Digory wakati kwingineko yamesahaulika. Sababu kubwa ni kurithishana: binti alipewa jina la bibi yake, na jina likaendelea kuishi hata baada ya maana yake kusahaulika. Ndiyo sababu Loveday wa karne ya 17 hatuambii lolote kuhusu siku aliyozaliwa. Jina linatuambia kuhusu bibi yake. Pia kufikia hapo limekuwa la kike karibu kabisa. Mmoja wao anayejulikana ni Loveday Hambly wa Tregangeeves, karibu na St Austell, mwanamke wa imani ya Kikweka, madhehebu ya Kikristo yaliyokuwa nje ya kanisa rasmi, aliyewapa hifadhi wenzake nyumbani kwake na kufungwa jela kwa kukataa kulipa zaka ya kanisa.

Umaarufu wa jina hili haujawahi kuwa wa kitaifa. Mwaka 1894 Catherine Louisa Pirkis alichapisha visa vya mpelelezi wa kike aitwaye Loveday Brooke, na mwaka 1995 Rosamunde Pilcher akamweka Loveday katika riwaya yake ya Coming Home, iliyojengwa juu ya Cornwall. Wasomaji wengi wa nje ya rasi hiyo walilisikia jina hapo kwa mara ya kwanza. Limebaki jina la wachache hata hivyo, na kwa maoni yangu hilo limelilinda, maana halijafungwa kwenye kizazi kimoja kama yanavyofungwa majina ya mtindo. Nchini Nigeria liko kwa njia yake lenyewe, na huko mara nyingi huitwa wavulana.

Anayetaka kupima uhaba wake ajue kwanza takwimu zinavyotengenezwa. Ofisi ya takwimu ya Uingereza na Wales huchapisha majina yaliyopewa angalau watoto 3 kwa mwaka, na Marekani kikomo ni watoto 5. Jina lisipoonekana kwenye orodha ya mwaka fulani, huenda lilipewa watoto wawili. Halafu huhesabiwa jina la kwanza pekee, na kila tahajia kivyake. Jina kama Loveday, linalopenda kukaa katikati baada ya jina la kawaida, hupungukiwa sana na hesabu ya namna hiyo.

Kulifuatilia nyuma kunahitaji uvumilivu. Daftari za parokia zilianza kuandikwa kwa amri ya mwaka 1538, na kuanzia 1598 nakala zilitakiwa kupelekwa kwa askofu kila mwaka. Daftari la asili likiwa limeliwa na panya au limelowa, nakala ya askofu ndiyo mkombozi. Tatizo la kwanza ni mwandiko. Makarani wa zamani waliandika u mahali pa v katikati ya neno, hivyo jina likawa Loueday, na katika mwandiko ule u na n hufanana. Mtu anayenakili kwa haraka ataandika Loneday na jina litazama. Tatizo la pili ni sikio: karani aliandika alivyosikia, akatoa Lovedy, Lovdie, Loveda au Lowdy. Kwenye hifadhidata tafuta Lo*d*y kwanza (nyota husimama badala ya herufi zozote, au pasipo herufi), itakayonasa Loveday, Loueday, Lovdy, Lowdy na hata ile Loneday. Kisha tafuta Lov*d* kwa zile zinazoishia na herufi nyingine. Kutafuta mara moja tu hakutoshi.

Angalia tarehe pia. Hadi 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza 25 Machi, kwa hiyo ubatizo ulioandikwa 10 Februari 1640 kwa hesabu yetu ni wa 1641. Wasioelewa hili hupata mtoto aliyebatizwa kabla wazazi hawajaoana, wakadhani wamekosea familia. Kwa Wakweka usipoteze muda kwenye daftari la parokia, kwa sababu hawakubatiza. Walitunza daftari zao za kuzaliwa. Wamethodisti nao walikuwa wengi sana Cornwall, na wengi wao walibatiza kwenye makanisa yao.

Usajili wa serikali ulianza 1 Julai 1837, na hapo mtego mkubwa ni jina la ukoo. Mtoto mwenye Loveday katikati anaweza kuwa amepewa jina la ukoo la mama yake, ambalo halina uhusiano na bibi yeyote wa Cornwall. Kuanzia robo ya tatu ya 1911 faharasa zinaonyesha ukoo wa mama, lakini tangu miaka hiyo hiyo majina ya kati yakafupishwa kuwa herufi, na Loveday akageuka L. Faharasa mpya ya mtandaoni ya ofisi kuu ya usajili imeongeza ukoo wa mama hata kwa miaka ya kabla ya hapo. Anza na hiyo, kisha agiza cheti chenyewe.

Kwa mzazi anayelifikiria leo: hutamkwa Lavdei, silabi mbili, mkazo kwenye ya kwanza, na ile e ya katikati haisikiki. Liandikwe neno moja. Ukiliandika mawili, mifumo ya kompyuta italigeuza Day kuwa jina la kati au la ukoo, na kuanzia hapo pasipoti na cheti cha shule vitaanza kupingana. Uingereza na Wales haina orodha ya majina yanayoruhusiwa, kwa hiyo msajili hatalikataa. Mtoto husajiliwa ndani ya siku 42, na tahajia isomwe herufi kwa herufi kabla ya kutia sahihi, kwa sababu kosa likishaingia, masahihisho hulipiwa na huomba ushahidi. Aliyemsajili mtoto kwa jina jingine anaweza kuomba jina la kwanza libadilishwe, mradi Loveday limeanza kutumika ndani ya miezi 12 tangu usajili.