Nishani moja, mashujaa wanne

Leo, Mei 19, nimekwenda Makaburi ya Vita ya Nairobi, barabara ya Ngong, kumkumbuka Sajini Nigel Leakey wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, mzaliwa wa Kenya. Kaburi lake halijulikani. Kilichopo ni jina lake kwenye ukumbusho.

Mwaka 1941, huko Colito nchini Ethiopia, kikosi chao kilikuwa kimevuka mto Billate pale vifaru vya Waitalia vilipowatokea ghafla. Hawakuwa na silaha ya kuvizuia. Leakey alirukia kifaru kilichokuwa kikiwajia kutoka nyuma yao, akafungua kifuniko kwa nguvu, akawapiga risasi waliokuwa ndani isipokuwa dereva, huyo akamlazimisha akipeleke mafichoni. Alipojaribu mzinga wake ukakataa kufyatuka. Basi akashuka, akaviandama vifaru vingine kwa miguu! Alifanikiwa kupanda kimoja zaidi, na hapo ndipo bunduki ya rashasha ya kifaru kilichofuata ikamwangusha. Mwaka 1945 alitunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza.

Lakini moyo wangu umebaki kwa wengine. Maelezo ya nishani yanasema aliviandama vifaru akiwa na sajini-meja Mwafrika na askari wengine wawili. Majina hakuna. Watu hao walikimbia kwenye mvua ileile ya risasi, na mimi nawahesabu mashujaa sawa naye.

Kama babu yako alikuwa KAR na aliwahi kusimulia habari za Colito, tafadhali niandikie. Ningependa sana kuwajua kwa majina.