Dhiki ni Mahali Pembamba

Andiko la juma hili: "Umenifanyizia nafasi wakati wa shida" (Zaburi 4:1).

Wapendwa katika Bwana, wengi wetu tunaposoma Neno, Biblia ya Kiingereza huwa imefunguliwa kando ya ile ya Kiswahili. Juma hili tuyatazame maneno ya huzuni yaliyomo humo, maana mengi yalianza kama majina ya mambo ambayo mwili unayajua.

"Grief" limepitia Kifaransa cha kale kutoka Kilatini gravis, yaani kizito. Ndipo Isaya 53:4 inapogusa zaidi kwa Kiswahili: "amejitwika huzuni zetu." Kinachotwikwa ni mzigo. "Anguish" ni angustia ya Kilatini, wembamba, kubanwa. Hapo Kiswahili kimefika kwa njia yake, kwa kuwa "dhiki" tumeipata kwa Kiarabu, na huko asili yake ni wembamba wa mahali. Kiebrania cha Zaburi 4:1 kina picha hiyo hiyo: nilipobanwa, ulinipanulia.

"Bereaved", yaani mfiwa, limetoka katika kitenzi cha Kiingereza cha kale chenye maana ya kupora. Kufiwa kwetu hakumtaji mporaji, Kiingereza kinamtaja. Biblia ya King James ya mwaka 1611 inalitumia neno hilo katika Mwanzo 42:36, Yakobo akiwalaumu wanawe kwa kumwondolea watoto. Hajui kwamba Yusufu kweli aliibiwa, kama mwenyewe anavyosema katika 40:15. Basi mfiwa akifoka msibani, tusikimbilie kumkemea. Anasema kama mtu aliyeporwa.

Tahadhari moja kwa wanaofundisha. Husemwa kwamba "sorrow" na "sorry" ni neno moja. Sivyo. La kwanza ni sorg, masumbuko ya moyo, na Wajerumani wangali wanasema Sorge kwa wasiwasi. La pili latokana na neno la kidonda na maumivu. Yamefanana kwa kukaa pamoja karne nyingi tu. Kosa lililo baya zaidi ni kuichukua asili ya neno la Kiingereza na kuifanya maana ya andiko. Katika Isaya 53:4 King James inasema "griefs", lakini neno la Kiebrania ni la ugonjwa, na Mathayo 8:17 anaponukuu anaandika magonjwa. Ukihubiri uzito peke yake, umemwacha mgonjwa nje. Kwa hiyo anza na itifaki, yaani kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mistari yalimo, ile inayoonyesha neno la Kiebrania au la Kigiriki, soma mistari mitatu au minne mingine yenye neno hilo, kisha ndipo Kiingereza kisaidie.

Tujaribu kwa Yohana 16:33: "Ulimwenguni mnayo dhiki." Kigiriki ni thlipsis, kugandamizwa. Kiswahili, tumeona, ni wembamba. Kiingereza cha King James ni "tribulation", na ndani yake mna tribulum, chombo cha Warumi cha kupuria nafaka: ubao mzito uliopigiliwa meno ya mawe makali au chuma upande wa chini, ukaburutwa na ng'ombe juu ya miganda hadi punje ziachane na makapi. Wakristo wa Kilatini walipolitumia jina hilo kwa mateso yao, walikuwa wameiona kazi hiyo uwanjani.

Isaya naye aliijua. Katika 28:27 anaeleza kwamba mkulima haburuti chombo chenye meno wala gurudumu la gari juu ya viungo kama jira. Huvipiga kwa fimbo, kwa sababu ni punje ndogo na zingeharibika. Kila zao lina kipigo chake, na anayepura anajua tofauti. Mstari wa 28 unaendelea na ngano ya mkate: hiyo hupitishiwa gurudumu, lakini haipurwi sikuzote.