Faiba ya kwa yaya, wiki ya tatu: kijani na buluu

Kwa wanaoingia leo: navuta mkongo (faiba, uzi wa kioo unaobeba mtandao kwa mwanga) kutoka atelie yangu hadi nyumbani kwa yaya, ndugu yangu mkubwa, hapa Majengo, Goma. Ni mita 140. Waya wa shaba unaishia mita 100, na mwaka jana radi ilituunguzia switchi zote mbili (vifaa vya kugawa mtandao). Kioo hakipitishi umeme, basi nikakata shauri.

Jumamosi tulimaliza kuupitisha juu ya ukuta. Kuchimba kwenye lava tuliacha siku ya kwanza.

Jumapili taa ya switchi ikawa inawaka na kuzima. Moduli yangu (kile kijisehemu cha switchi kinachotoa mwanga) inatoa −6 dBm, kipimo cha nguvu ya mwanga; kwa yaya mita ya kupimia mwanga inasoma −19, yaani mwanga umefifia sana. Mita 140 za faiba hazili hata robo ya desibeli, kwa hiyo ugonjwa uko kwenye konekta, pale nyaya zinapochomekwa.

Kwenye moduli ni LC, ile konekta ndogo yenye kikucha, feruli (kijiti kinachoshika ncha ya faiba) ya milimita 1.25. Kwenye boksi la ukutani ni SC ya mraba, milimita 2.5, unaisukuma, inalia "ta!" Hapo ndipo nilipokosea. Mkia uliotoka boksini ni wa kijani, nami nilichomeka waya wa buluu. Muuzaji wa Birere aliniambia: "Papa, zote ni SC, zitaingia tu." Zinaingia kweli! Lakini uso wa kijani umesuguliwa mshazari, digrii 8, ili mwanga unaorudi utokee pembeni usiisumbue leza. Wa buluu haujalala hivyo. Ukivikutanisha, katikati inabaki nafasi ya hewa, na mwanga unapotelea humo.

(Konekta za aina nyingine, ST ya kuzungusha na FC ya parafujo, bado ninazo kwenye sanduku. FC naipenda kwa kupimia, haichezi.)

Jumatatu nimenunua waya wenye SC ya kijani upande mmoja na LC ya buluu upande wa pili. Mita: −11. Bado. Nikazima moduli, nikaweka ncha chini ya hadubini: chembe nyeusi za vumbi letu la volkano, moja imekaa katikati kabisa, pale ambapo njia ya mwanga ina upana wa mikromita 9 tu. Alkoholi, kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha kikavu. −7. Taa imetulia tangu saa kumi.

Kesho naziba boksi la yaya kwa mpira. Mlango wake unatazama barabara ya chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, na vumbi lake.