Mwenye timu, mashabiki wakikuita katika msimu mbaya: useme nini, wapi na lini

Timu ikipoteza mechi nne mfululizo hapa Mombasa, maneno husafiri kwa ratiba inayojulikana. Usiku wa kipigo, makundi ya WhatsApp yanajaa sauti za lawama. Kesho yake, maskani za Majengo na Kisauni zimeshaamua kwamba wachezaji hawajalipwa. Siku ya tatu kuna anayeapa kwamba timu inauzwa. Mwenye timu anayejitokeza baada ya hapo atatumia mkutano mzima kukanusha, na lile alilokuja kusema halitasikika.

Kwa hiyo jitokeze ndani ya siku tatu. Usiku wenyewe wa kufungwa haufai, kwa sababu hasira iko juu na wewe mwenyewe huna takwimu mkononi. Nenda na mambo ambayo mkono wako unayamudu: fedha, tarehe, safari, mikataba. Ushindi usiuahidi kabisa. Ukiahidi pointi tisa katika mechi tatu zijazo na zikaja mbili, hata ile ahadi ya mshahara uliyoitimiza haitahesabiwa.

Wakati na mahali vinataka kufikiriwa kwa jinsi watu wetu wanavyoishi. Ijumaa mchana haiwezekani. Jumamosi na Jumapili zina harusi na mechi. Jumanne au Jumatano baada ya isha, saa mbili usiku, ndipo watu wa kisiwani hupatikana. Ila shabiki wa Likoni hawezi kuvuka kivuko saa nne usiku kwa ajili ya mkutano, na wengi wa mashabiki wetu wanafanya kazi za zamu bandarini. Fanya mikutano miwili katika wiki moja: mmoja kisiwani, wa pili Likoni au Changamwe, na huo wa pili uanze saa kumi na nusu baada ya alasiri. Mwezi wa Ramadhani subiri tarawehe imalizike. Barza zinakuwa zimejaa hata bila tangazo.

Keti usawa mmoja na watu. Jukwaa refu lenye vitambaa na chupa za maji humfanya mtu aonekane mgeni rasmi, na mgeni rasmi haulizwi maswali. Vipaza sauti viwe viwili, kimoja kisitoke kabisa upande wa mashabiki. Zungumza dakika 15, kisha uulizwe kwa saa nzima. Uwe na katibu na mweka hazina kando yako. Kocha mwache mazoezini. Akiletwa, kila swali la fedha litageuka swali la kwa nini fulani hapangwi, na wewe utakuwa umejificha nyuma ya mgongo wake mbele ya watu wote.

Maneno ya kwanza yawe na takwimu. Mfano: “Assalamu alaikum, na ndugu zetu wasio Waislamu, habari za jioni. Tuko nafasi ya 16. Tuna pointi 19 katika mechi 22, zimebaki 12. Wachezaji wanadai mshahara wa Januari. Nimekuja kuwaeleza tutaulipa lini, na fedha zinatoka wapi.” Hapo mzee aliyekuja na orodha ya madai ameona nusu yake imesemwa na mwenye timu mwenyewe, na hana haja ya kupaza sauti.

Kisha zifanye hesabu za jedwali mbele yao. Ligi Kuu ya timu 18 ina mechi 34. Mbili za mwisho hushuka moja kwa moja, ya 16 hucheza mchujo na timu kutoka Supa Ligi (NSL), yaani daraja la pili. Chukua majedwali ya misimu mitano iliyopita, uangalie timu ya 15 ilimaliza na pointi ngapi. Tuseme umepata 38. Basi unahitaji 19 katika mechi 12, yaani ushindi mara tano na sare nne, huku ukiruhusiwa kufungwa mara tatu tu. Mpaka sasa timu yako inakusanya chini ya pointi moja kwa mechi. Sasa inatakiwa ikusanye zaidi ya moja na nusu. Litamke hilo waziwazi, kisha ueleze nini kinabadilika kuanzia wiki hii ili kasi hiyo ipatikane. Kama hakuna kinachobadilika, mashabiki watakuwa wameelewa kabla hujamaliza sentensi.

Sasa mishahara, ambako ndiko msimu mwingi unakovunjikia.

Mashabiki wengi hawajui kwamba deni la mishahara lina saa inayohesabu. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, Ibara ya 14bis iliyoingizwa mwaka 2018, zinasema hivi: klabu ikishindwa kulipa angalau mishahara ya miezi miwili kinyume na mkataba, mchezaji anaweza kuandika barua ya kudai na kuipa klabu siku 15 zisizopungua. Zikipita bila malipo kamili, ana haki ya kuvunja mkataba. Anaondoka bure, deni lake linabaki, na anaweza kudai fidia juu yake. Yule mshambuliaji uliyetarajia kumuuza mwisho wa msimu ufidie hasara anakuwa hasara ya pili. Basi deni la mwezi mmoja ni tatizo, na deni la miezi miwili ni mlango wazi. Mwenye timu anayewaambia mashabiki “tumechelewa kidogo” wakati wachezaji wako mwezi wa tatu anawadanganya watu watakaojua ukweli siku barua itakapovuja.

Kwa wachezaji na makocha wa kigeni hatari ni kubwa zaidi, kwani wao kesi zao huenda FIFA. Uamuzi ukitoka na klabu isilipe, hufungiwa kusajili. Gor Mahia na AFC Leopards, klabu zenye mashabiki wengi kuliko zote nchini, zote zimewahi kufungiwa hivyo. Kabla hujaahidi mshambuliaji mpya dirisha la usajili likifunguliwa, muulize katibu kama kuna kesi yoyote. Klabu iliyofungiwa inaweza kununua wachezaji kumi na asiweze kuingia uwanjani hata mmoja.

Sema deni lote kwa jumla bila kutaja anayedai nini. Mfano: wachezaji 25 kwa wastani wa shilingi 30,000 ni 750,000 kwa mwezi, miezi miwili ni milioni 1.5. Kisha toa mpango wenye tarehe: nusu ya deni tarehe 5, nusu tarehe 20, na mshahara wa mwezi unaoendelea usisimame. Wengi hukosea hapo. Wanalipa deni la zamani kwa kuacha mshahara mpya, na baada ya siku 30 wako pale pale. Anza na wachezaji wa mshahara mdogo. Yule kijana anayelipa kodi ya chumba Mikindani hana akiba ya kumvusha wiki mbili, na ndiye wa kwanza kukosa nauli ya mazoezini.

Usisahau makato. Kama wachezaji wako kwenye orodha ya mishahara, kuna asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHA, kuna NSSF ya hifadhi ya uzeeni, kuna asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba inayokatwa kwa mfanyakazi na nyingine 1.5 inayotolewa na mwajiri. Klabu yenye shida hulipa mshahara wa mkononi na kuyakalia makato. Halijulikani mpaka mchezaji afike hospitali goti limevimba, aambiwe michango haijapelekwa. Kama makato yamesimama, liseme kwenye mkutano huo huo, pamoja na tarehe ya kuyalipa.

Halafu kuna safari, ambazo mashabiki wa Nairobi hawawezi kuzielewa kama sisi. Timu nyingi za ligi ziko Nairobi na magharibi mwa nchi. Msafara wa watu 25 kwa Madaraka Express, daraja la kawaida kwa nauli ya shilingi 1,500 iliyoanza Januari 2024, ni 37,500 kwenda na 37,500 kurudi. Hapo hujaweka basi la kutoka stesheni ya Syokimau, chakula, wala kitanda. Ukienda Kisumu au Kakamega, ongeza kilomita zaidi ya 300 za barabara. Klabu ikipungukiwa, kitu cha kwanza kukatwa ni usiku wa hoteli. Timu inapanda basi jioni, inalala kitini, inafika asubuhi, inacheza saa tisa alasiri. Dakika ya 60 miguu imekwisha, mabao yanaingia, na lawama zinamwangukia beki. Angalia mabao mliyofungwa ugenini baada ya mapumziko, uyalinganishe na ya nyumbani. Ikiwa tofauti ni kubwa, waonyeshe mashabiki: hapo wana sababu halisi, na wana kitu cha kuchangia.

Na pasipo nauli kabisa, mambo huwa mabaya zaidi. SoNy Sugar, bingwa wa Kenya mwaka 2006, ilitimuliwa Ligi Kuu msimu wa 2019/2020 baada ya kushindwa kufika katika mechi tatu. Ilikuwa ndio msimu ambao mdhamini wa ligi, SportPesa, alijiondoa. Klabu ambayo imeshatoa pointi za mezani mara moja, yaani imepoteza mechi kwa kutofika, haina nafasi ya kuficha hali yake. Hata mechi ya nyumbani ina gharama zisizokwepeka: ulinzi, huduma ya kwanza, na ambulansi, ambayo ikikosekana waamuzi hawaanzishi mpira. Ilipe ambulansi kabla ya siku ya mechi. Fedha za mlangoni huja wakati mechi inakaribia kuanza, na dereva wa ambulansi hasubiri hesabu za tiketi.

Ukiomba mchango, omba kwa jambo moja lenye bei. “Changieni timu” haina mwisho. “Safari ya Kisumu ya tarehe 14 inahitaji shilingi 160,000, tunazo 90,000” inaeleweka. Tumia paybill ya M-Pesa iliyo kwa jina la klabu na umwelekeze mchangiaji aandike KISUMU kwenye sehemu ya akaunti, ili kila fungu lijitenge lenyewe kwenye taarifa. Till ya kawaida haina sehemu hiyo. Namba ya simu ya mweka hazina usiitumie hata kama ni mwaminifu kama nani. Fedha za timu zikichanganyika na karo ya watoto wake hakuna atakayeweza kuzitenganisha, na jina lake ndilo litakaloharibika. Kila Jumatatu toa jumla ya kilichoingia, kilichotumika na risiti. Zikizidi, sema ziada inaenda wapi kabla hawajauliza.

Kuhusu kocha, usimtangazie kifo cha kazi yake mkutanini. Mashabiki watakuuliza “anaondoka lini?” na watapiga makofi ukijibu. Lakini mkataba unavunjwa kwa barua na kwa malipo yaliyokubaliwa. Kuvunja kwa kipaza sauti ni kuandika kesi ya kulipa makocha wawili kwa wakati mmoja. Jibu linalotosha: ana mkataba, anafanyiwa tathmini, uamuzi utatangazwa kwa maandishi.

Swali zito kuliko hilo ni la wachezaji “waliouza mechi”. Hili si la kupuuza. Mwaka 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wanne kwa kupanga matokeo ya mechi za Ligi Kuu ya Kenya, mmoja wao maisha. Na kijana asiyelipwa miezi mitatu ni rahisi kufikiwa na watu wa kamari, ndiyo maana mshahara ni ulinzi pia. Hata hivyo, jina la mchezaji lisitajwe mbele ya umati. Ukilitaja bila ushahidi umemhatarisha mtu njiani anaporudi nyumbani. Mwambie mwenye habari aje kwa katibu na alichonacho, kisha kipelekwe shirikisho kwa maandishi.

Na watauliza kama unauza nafasi ya ligi. Jibu ndiyo au hapana. Mji huu una sababu ya kuuliza: wazee wa Mji wa Kale bado wanaitaja klabu ya Feisal, iliyochukua ubingwa wa Kenya mwaka 1965, na wanaitaja klabu ya Mwenge pia, na wameona jina kubwa linavyoweza kufifia mpaka watoto wasilijue. Kama kuna mazungumzo na mnunuzi, sema yapo, na utaje yale usiyokubali kuuza: jina, rangi, na kuchezea Mombasa. Kama hujaamua hayo, amua kabla ya kuitisha mkutano.

Kwa timu ya taasisi, kama Bandari iliyo chini ya Mamlaka ya Bandari, mwenye timu ni uongozi, na bajeti za mashirika ya umma hufuata mwaka wa fedha unaoanza Julai 1. Anayezungumza aeleze kilichokwisha kuidhinishwa na kinachosubiri Julai. Shabiki hawezi kubashiri hilo.

Rekodi mkutano wote kwa sauti, kwa sababu kipande cha sekunde 30 kitasambaa upende usipende, na dawa yake ni kuwa na kitu kizima. Usiku ule ule toa ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye mambo manne: pointi, deni la mishahara, gharama ya safari ijayo, tarehe za malipo. Waongezee sauti yako ya dakika tatu kwa wazee wasiosoma kwenye simu. Baada ya siku 30 rudi mahali pale pale na mambo hayo hayo manne, hata kama yamezidi kuwa mabaya. Na tarehe 5 ikifika fedha hazijaingia benki, waandikie wachezaji kwanza, kisha mashabiki, kabla ya saa nne asubuhi, na ujumbe uwe na tarehe mpya na sababu yake.